Fidia Si Cheti cha Msamaha

Mwaka 2014, katika pwani ya jimbo la Texas nchini Marekani, ekari 17,351 za mbuga, miti na vinamasi vya maji ya chumvi zilinunuliwa kwa dola milioni 37.7. Mahali hapo panaitwa Powderhorn. Palikuwa ranchi ya watu binafsi. Leo ni hifadhi. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika adhabu waliyotozwa waliohusika na mlipuko wa mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Mexico, mwaka 2010. Yaani mafuta yalimwagika baharini, na fedha za waliomwaga zikanunua tope, majani na maji ili ndege, samaki na kaa wapate mahali pa kuishi.

Nikisimulia habari hii mbele ya Wakristo wenzangu, husikia majibu ya aina mbili. Wengine hushangaa kwa hasira: “Dola milioni 37 kwa ajili ya tope, na watu wana njaa?” Wengine huridhika: “Vema, wamelipa. Yamekwisha.” Makala hii inayapinga majibu yote mawili. La kwanza linasikika kama huruma na la pili linasikika kama haki, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili hayajui Maandiko yanamaanisha nini yanaposema kwamba aliyeharibu na arudishe.

Mafuta yalifanya nini

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 mtambo ule ulilipuka, na wafanyakazi 11 wakafa. Kwa siku 87 mafuta yalitoka chini ya bahari bila kuzuilika. Mahakama ilikuja kuamua kwamba mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini. Mafuta yalifika kwenye fukwe na vinamasi vya majimbo matano, urefu wa zaidi ya kilomita 2,000. Ndege walikufa kwa makumi ya maelfu. Louisiana ndiyo iliyoumia kuliko wote, kwa sababu pwani yake ni vinamasi mahali pengi.

Msharika anayeijua mikoko ya Rufiji au ya Tanga ataelewa upesi kinamasi cha pwani ni kitu gani. Kule Ghuba, badala ya mti wa mkoko, mara nyingi linaota jani refu linalostahimili chumvi, na kazi yake ni ileile. Mizizi yake hushika tope lisiondoke na maji. Kati ya mashina yake kamba na samaki wadogo hukua kabla ya kwenda baharini. Dhoruba ikija, majani hayo hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika majumbani. Sasa mafuta mazito yakiganda juu ya mashina, jani hufa. Jani likifa, mizizi huoza. Mizizi ikioza, tope halina wa kulishika, na kila wimbi huondoka na kipande cha nchi. Mafuta yanaweza kufutwa juu ya mwamba. Ardhi iliyokwisha kuwa bahari haifutwi ikarudi kuwa ardhi.

Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1990, iliyotungwa baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka huko Alaska mwaka 1989, haikutosheka na kazi ya kusafisha. Inamdai aliyemwaga mafuta alipe gharama ya kurejesha kilichoharibika, na kama hakirejesheki, ya kukibadilisha kwa kingine au kupata kilicho sawa nacho. Ununuzi wa ardhi umeingia kwa mlango huo. Kule Alaska fedha za fidia zilitumika kulinda zaidi ya ekari 600,000. Sehemu yake ilikuwa misitu mikongwe iliyokuwa inangoja shoka. Mtu atauliza, mafuta ya baharini yanahusianaje na msitu? Kuna ndege wa baharini huko ambaye hula samaki lakini hutaga juu ya miti mikubwa ya kale. Mafuta yalimuua akiwa majini. Kama na mti wake ungekatwa, asingebaki na mahali pa kuzaa tena.

Hilo ndilo jibu pia kwa wanaouliza kwa nini inunuliwe Powderhorn, ambayo iko mbali na mahali mafuta yalipoleta madhara makubwa. Kinachodaiwa ni kilicho sawa, katika bahari ileile, kwa viumbe wasiojua mipaka ya majimbo. Powderhorn ina zaidi ya kilomita 17 za ufuko wa ghuba, nayo iko jirani na hifadhi ya Aransas, iliyoanzishwa mwaka 1937. Huko huja kila majira ya baridi korongo weupe wakubwa, wakiruka kutoka Kanada, safari ya kilomita 4,000 hivi. Mwaka 1941 korongo hao hawakufika 25 duniani kote. Leo ni mamia, na mamia wanahitaji nafasi kubwa kuliko waliyohitaji wale ishirini na kitu.

Kwa wanaosema: “Watu kwanza”

Ndugu zangu wanaosema hivi nawaheshimu, maana wengi wao wamezika watoto na kulisha yatima. Lakini hoja yao imekosea mahali patatu.

Kwanza, inadhani kwamba ndege walilipwa na watu wakaachwa. Sivyo. Wavuvi, wenye hoteli na wafanyabiashara wa Ghuba walilipwa mabilioni ya dola kwa njia nyingine. Tena kampuni ya BP ilipokiri makosa yake ya jinai mwaka 2012, yalikuwa makosa 14. Kumi na moja yalihusu vifo vya wale wafanyakazi, moja kwa kila mtu. Moja lilihusu ndege wanaohama, waliouawa kinyume cha sheria inayowalinda. Watu na ndege wakaandikwa katika hati moja ya mashtaka. Hakuna aliyedai kwamba wako sawa kwa thamani. Waliokufa kati ya watu walihesabiwa mmoja mmoja, na ndege wakahesabiwa kwa pamoja. Lakini waliandikwa. Mwanasheria wa serikali alikumbuka jambo ambalo mhubiri husahau, kwamba Torati yenyewe ina amri juu ya kiota cha ndege njiani (Kumbukumbu la Torati 22:6-7).

Pili, inatenganisha vitu ambavyo Mungu hakuvitenganisha. Ezekieli, sura ya 47, anaona mto ukitoka hekaluni na kuiponya bahari. Angalieni nani wamesimama kando ya bahari hiyo iliyopona: ni wavuvi, na nyavu zao zimetandazwa. Na mstari unaofuata unataja vinamasi, ambavyo vinaachiwa chumvi yake. Nabii hakuona kazi ya mvuvi upande mmoja na tope upande mwingine.

Asiyemwamini nabii na aende Nigeria. Huko Bodo, katika nchi ya Waogoni, bomba la mafuta lilipasuka mara mbili mwaka 2008, na mikoko ikafa. Mwaka 2015 kampuni tanzu ya Shell ilikubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 kwa watu 15,600, na milioni 20 kwa jumuiya yao. Fedha hizo zilikuwa haki yao, na nani atathubutu kusema zilikuwa nyingi mno? Lakini usafishaji wenyewe ulicheleweshwa miaka mingi. Mvuvi wa Bodo alipokea fedha mkononi akarudi kwenye kijito kisicho na samaki. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilisema kurejesha nchi ya Waogoni kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Hebu pimeni wenyewe: fedha ya mkononi inaisha kwa mwaka mmoja au miwili, na tope lenye sumu linamngoja mjukuu. Kuwapa watu fedha bila kuwarudishia mahali pao ni kuwalipa mara moja kwa hasara ya kila siku.

Tatu, hoja hii ina historia ambayo ingetufanya tusite kidogo. Katika Yohana 12 aliyeuliza kwa nini marhamu haikuuzwa ili maskini wapewe alikuwa Yuda Iskariote, na Mwinjili anatuambia kwamba shida yake haikuwa maskini. Sisemi kila anayeuliza ni Yuda. Nasema tu kwamba maskini wamekuwa wakitajwa mara nyingi na watu wasiokusudia kuwapa kitu. Fedha zile za Ghuba zilifungwa kisheria kwa kazi ya kurejesha viumbe na makazi yao. Kama zisingenunua kinamasi, zisingekwenda kwa mwenye njaa wa kijiji chochote. Anayetaka kweli kulisha wenye njaa na aanze na sadaka yake mwenyewe, asianze na mahali pa korongo.

Kwa wanaosema: “Wamelipa, yamekwisha”

Hapa nazungumza kama Mlutheri, na nitazungumza wazi. Kanisa letu lilizaliwa katika ugomvi juu ya vyeti vya msamaha. Mwaka 1517 watu wa Saxony walikuwa wakivuka mpaka kwenda kumsikiliza Johann Tetzel, wakalipa, wakarudi na karatasi iliyowapa utulivu wa moyo bila toba. Luther hakukasirika kwa sababu fedha zilitolewa. Alikasirika kwa sababu fedha zilikaa mahali pa toba, na hoja ya kwanza kati ya zile 95 inahusu jambo hilohilo: maisha yote ya mwamini yawe ya kutubu.

Basi, je, kununua kinamasi kwa fedha za mafuta si cheti kipya cha msamaha? Kinaweza kuwa hivyo, tena kwa urahisi sana. Kampuni inaweza kupiga picha ya ndege mweupe akitua majini, ikaibandika kwenye taarifa yake ya mwaka, na kuendelea kuchimba kwa haraka ileile iliyoua watu 11. Na sisi tunaojaza mafuta kwenye magari yetu tunaweza kuitazama picha hiyo na kulala vizuri. Hilo likitokea, Tetzel amefufuka, na safari hii anauza picha za korongo.

Lakini matumizi mabaya hayafuti amri. Kutoka 22:5-6 inasema habari za mtu ambaye mnyama wake amekula shamba la mwingine, na mtu aliyewasha moto ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya jirani. Wote wawili lazima walipe, na yule wa kwanza alipe kwa vilivyo bora vya shamba lake mwenyewe. Torati haimwulizi mwenye moto kama alikusudia. Aliwasha, ukamponyoka, alipe. Sijui maneno yanayoufaa zaidi msiba wa mafuta kuliko hayo. Na kulipa huko hakuitwi wema. Hakuna aliyeandikwa kuwa mtakatifu kwa kumrudishia jirani nafaka aliyoichoma.

Soma pia habari za Daudi katika 2 Samweli 24. Alihesabu watu kwa kiburi, na tauni ikaua watu 70,000. Baada ya msiba uliotokana na kosa lake mwenyewe, Daudi alinunua ardhi: uwanja wa kupuria wa Arauna, kwa shekeli 50 za fedha. Arauna alitaka kumpa bure. Daudi akakataa, maana hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Je, shekeli zile 50 ziliwafufua wale 70,000? Hapana. Zilinunua msamaha wa Daudi? Hapana, alikuwa ameungama kabla hajauona uwanja ule. Lakini asingeweza kuungama, kisha akapokea kiwanja bure na kurudi nyumbani. Toba ilimpeleka mpaka kwenye mizani ya fedha. Na Zakayo vivyo hivyo. Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, kwa neema, kabla Zakayo hajatoa senti. Kisha Zakayo akasimama na kuahidi kurudisha mara nne.

Huo ndio mpangilio wetu Walutheri, na tusiugeuze. Neema hutangulia, na kurudisha hufuata. Anayerudisha ili asamehewe amerudi kwa Tetzel. Anayesema amesamehewa na harudishi amekwenda mbali kuliko Tetzel, maana Tetzel angalau alidai fedha.

Tena msidhani kwamba ardhi ikishanunuliwa imeshapona. Tangu miaka ya 1930 Louisiana imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za pwani yake, na mafuta ya mwaka 2010 hayakuwa sababu kubwa. Kuta zilizojengwa kando ya mto Mississippi zinazuia tope jipya lisifike kwenye vinamasi. Mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mafuta na gesi imeingiza maji ya chumvi ndani. Ardhi yenyewe inadidimia, na bahari inapanda. Kinamasi chenye hati safi na uzio imara kinaweza kuzama mbele ya macho ya mmiliki wake. Kununua ni mwanzo wa wajibu, kama ubatizo ulivyo mwanzo wa malezi. Baada ya hapo inabaki kazi ya kila mwaka, na anayesema “yamekwisha” siku ya kutia saini hajaanza hata kidogo.

Kwa wanaosema: “Dunia itateketea”

Hawa ni wachache, lakini sauti yao ni kubwa, kwa hiyo nitawajibu kwa kifupi. Wanasema Bwana yu karibu, kwa nini tuhangaike na nchi inayopita? Nawaelekeza Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira mji, nabii mwenyewe amefungwa, naye anajua mji utaanguka kwa sababu ndiye aliyetabiri. Wakati huohuo Mungu anamwagiza anunue shamba la Anathothi, naye analinunua kwa shekeli 17, na kutia saini mbele ya mashahidi, na kuiweka hati katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Aliyeujua mwisho kuliko wote ndiye aliyenunua ardhi. Tumaini la Kikristo halijawahi kuwa kisingizio cha kuacha shamba.

Na sisi je?

Mtanzania anaweza kusoma yote haya akasema ni habari za Wamarekani. Zilikuwa hivyo zamani. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda lina urefu wa kilomita 1,443, na linaishia Chongoleani, Tanga, ambako mafuta yatapakiwa kwenye meli. Karibu na hapo kuna mikoko, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, na kuna wavuvi ambao baadhi yao huketi kwenye mabenchi ya makanisa yetu. Siandiki kutabiri msiba. Lakini mwaka 2020, katika bahari yetu hiihii ya Hindi, meli ya Wakashio ilikwama kwenye miamba ya Mauritius na kumwaga kiasi cha tani 1,000 za mafuta karibu na hifadhi ya baharini, na haikuwa hata meli ya kubeba mafuta.

Kwetu kinamasi hakinunuliwi kama Texas. Kwa sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini. Wakristo tungepaswa kuielewa lugha hiyo kuliko watu wote, maana Mambo ya Walawi 25:23 inasema ardhi ni ya Bwana na sisi ni wapitaji tu juu yake. Basi kwa kuwa hatuwezi kungoja mtu aje na dola kununua mikoko yetu baada ya msiba, inatubidi tuilinde kabla. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hauna fundi.

Kwa hiyo nawadai washarika mambo matatu. Mkutano wa kijiji unapojadili mpango wa matumizi ya ardhi, Mkristo asikae nyumbani akiona kwamba mikoko ni siasa. Aende aseme eneo gani liachwe. Usharika wenye kiwanja kinachopakana na mikoko au bonde oevu usikijaze kifusi ili kupata nafasi ya magari ya Jumapili, halafu ukahubiri uumbaji siku ya mavuno. Na viongozi wetu wanapoalikwa kwenye uzinduzi wa miradi mikubwa kuomba na kubariki, waulize kwa adabu swali moja kabla ya kufumba macho: yakimwagika, nani atalipa, atalipa nini, na wapi imeandikwa? Mchungaji anayebariki bila kuuliza hivyo ametoa cheti cha msamaha kabla dhambi haijatendwa, na hilo hata Tetzel alishutumiwa kwalo.

Katekisimu Ndogo inatufundisha, katika kifungu cha kwanza cha Imani, kujiona kila mmoja kuwa ameumbwa pamoja na viumbe vingine vyote. Tumelikariri fundisho hilo tangu kipaimara. Korongo wa Aransas, kamba wa Louisiana na kaa wa mikoko ya Tanga wamo ndani yake. Walioharibu makazi yao walazimishwe kurudisha, kwa kilicho bora, bila kupigiwa makofi. Na sisi ambao bado hatujaharibiwa tuamke wakati tope letu lingali hai.